Usingoje moshi: Leseni ya kiwanda cha sumu ni haki yako kuisoma

Neno risasi lina maana mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ile ya bunduki. Ya pili ni yale madini mazito ya kijivu yaliyo ndani ya betri ya gari, na pengine ya ile betri ya sola huko kwenu ushago. Ya bunduki ukiisikia unalala chini. Hii nyingine haina mlio. Inaingia mwilini kwa vumbi, kwa maji, kwa vidole vya mtoto aliyekuwa akicheza nje. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwa watoto inaharibu ubongo.

Sasa swali. Nani huamua kwamba mtu anaweza kuyeyusha hayo madini karibu na kwenu? Na akishaamua, wewe unapata habari saa ngapi?

Kwa sheria, jibu liko wazi. Sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, inasema mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Ripoti inapelekwa NEMA, inatangazwe gazetini, wananchi watoe maoni, halafu ndipo leseni itolewe ikiwa na masharti yake. Neno la kushika hapo ni "kabla".

Wacha tuende Mombasa tuone vile mambo huenda likisahaulika.

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda upande wa Jomvu, wa watu kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi pale, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Biashara yenyewe ilikuwa ya maana: unatoa madini ya risasi kwenye betri zilizokufa, unauza nje. Vijana wa mtaa walipata kibarua. Moshi ukatua juu ya mabati, na maji machafu yakapita katikati ya makazi.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido kushughulikia uhusiano na jamii. Kazi yake ya kwanza? Kusimamia ile tathmini ya mazingira. Soma tena hapo. Kiwanda kilikuwa kimewasha moto 2007, na tathmini inashughulikiwa 2009. Ripoti ilionyesha kwamba kukaa karibu hivyo na watu ni hatari, na Omido akashauri kiwanda kifungwe au kihamishwe. Wakubwa hawakutaka kusikia, akapewa majukumu mengine. Baadaye mtoto wake, aliyekuwa bado ananyonya, akaugua sana. Vipimo vikaonyesha ana sumu ya risasi kwenye damu.

Omido aliacha kazi, akaanza kupeleka watoto wa mtaa kupimwa, nao wakapatikana na sumu ile ile. Maandamano yakaanza. Mwaka 2012 yeye na wenzake walikamatwa. Kiwanda kikafungwa 2014, na 2015 Omido akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman.

Fidia ndiyo ilichukua muda. Kesi iliwasilishwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na waliobeba lawama hawakuwa kampuni peke yake. NEMA yenyewe ilikuwemo, pamoja na wizara na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, yaani wale wale waliopaswa kuuliza maswali mapema. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatupa hicho kiasi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikakirejesha.

Piga hesabu. Sh1.3 bilioni kwa watu 3,000 ni kama Sh433,000 kwa kila mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 uamuzi huo ulipotoka, karibu achukue kitambulisho. Na akili aliyoibiwa na risasi akiwa mdogo hairudishwi na hundi.

Usidhani hii ni shida ya Kenya tu. Ulaya wana sheria inaitwa REACH, iliyoanza kazi Juni 2007, mwaka ule ule wa moto wa Owino Uhuru. Kemikali hatari zaidi zinawekwa kwenye orodha maalum, kila moja na tarehe yake. Tarehe ikipita, hakuna kampuni inaruhusiwa kuitumia bila idhini. Idhini hutolewa kwa matumizi yaliyotajwa, na lazima ipitiwe upya baada ya muda fulani. Mwaka 2016 Tume ya Ulaya iliipa kampuni moja idhini ya kuuza rangi mbili zenye risasi ndani, ya manjano na nyekundu. Uswidi ikaenda kortini, ikisema rangi mbadala zipo. Machi 2019 korti ikafuta idhini hiyo, na 2021 Tume ikashindwa kwenye rufaa. Msimamo wa korti ulikuwa rahisi: kama bado kuna shaka kwamba njia mbadala haipo, mzigo ni wa anayeomba idhini.

Hilo ndilo tunakosea hapa mtaani. Mzigo tunaachia mgonjwa. Mama abebe mtoto, atafute nauli, alipie vipimo, halafu ndiye athibitishe kwamba moshi ni mbaya.

Najua kuna msee ataniambia: kazi ziko wapi, na wewe unataka tufukuze wawekezaji? Ni swali la haki. Njaa haingoji ripoti. Lakini waliopata kibarua Owino Uhuru walirudi jioni na vumbi kwenye nguo, wakawabeba watoto wao na nguo hizo hizo. Kiwanda kilichopimwa vizuri, kikawekwa mbali na makazi, kingewapa mshahara bila kuwapa sumu.

Kwa hivyo ukiona mabati yamezungushwa kwa ploti na watu wanasema ni kiwanda, fanya hivi. Ulizia leseni ya NEMA na masharti yake. Wakikuzungusha, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na saa 48 kama ni jambo la uhai wa mtu. Ripoti ikiwa bado inapokea maoni, toa yako kwa maandishi. Leseni ikishatolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Na hizo zikipita, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeshaumia.

Kwa mabeshte zako wa mtaa, hii ni kazi ya jioni moja: barua moja, sahihi kumi, na nakala ibaki kwenye simu ya kila mtu.