Michael Laudrup na Kombe Ambalo Hakulicheza

Michael Laudrup alizaliwa tarehe 15 Juni 1964 huko Frederiksberg, mji uliozungukwa na Copenhagen pande zote, katika familia ya wanasoka. Baba yake, Finn Laudrup, aliichezea timu ya taifa ya Denmark. Mdogo wake, Brian, alizaliwa Vienna mwaka 1969, wakati baba yao akicheza soka ya kulipwa Austria. Undugu huu ndio unaozaa swali lisilokwisha kila Euro inapokaribia: Michael alifunga mabao mangapi Denmark ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1992? Hakufunga hata moja. Hakucheza hata dakika moja, na jina lake halikuwamo kikosini. Laudrup aliyecheza fainali hizo nchini Uswidi ni Brian.

Michael alianza ligi kuu na klabu ya KB mwaka 1981, akahamia Brøndby mwaka uliofuata, na siku aliyotimiza miaka 18 akavaa jezi ya taifa dhidi ya Norwei na kufunga bao. Mwaka 1983 alisajiliwa na Juventus ya Italia. Wakati huo klabu za Italia ziliruhusiwa wageni wawili tu, na Juventus tayari ilikuwa na Michel Platini na Zbigniew Boniek, hivyo kijana akapelekwa Lazio kwa mkopo. Alikaa huko misimu miwili, wa pili ukaisha kwa Lazio kushuka daraja. Boniek alipoondoka mwaka 1985, nafasi ikapatikana. Msimu wake wa kwanza Juventus ulileta ubingwa wa Italia na Kombe la Mabara la klabu lililochezwa Tokyo dhidi ya Argentinos Juniors. Katika fainali hiyo Laudrup alisawazisha na kuwa 2-2 kutoka pembeni ambako lango halionekani kabisa, kisha akakosa penalti yake katika mikwaju ambayo Juventus ilishinda.

Kwa upande wa taifa, kocha Mjerumani Sepp Piontek alikuwa amejenga timu ya kushambulia. Ilifika nusu fainali ya Euro 1984 na kutolewa na Hispania kwa penalti. Kombe la Dunia la 1986 nchini Meksiko iliifunga Uruguai 6-1, Laudrup akifunga bao la kuwapiga chenga mabeki na kipa, kabla ya Hispania kuitoa tena, safari hii 5-1. Piontek aliondoka mwaka 1990 na nafasi yake ikachukuliwa na aliyekuwa msaidizi wake, Richard Møller Nielsen, mtu aliyeamini ulinzi kwanza.

Hapo ndipo penye mzizi wa imani ya pili, iliyo mbaya kuliko lile swali kwa sababu wanaoieneza hudhani wanajua zaidi. Inasema hivi: Laudrup alikataa kwenda Uswidi kwa kiburi cha nyota wa Barcelona, akabaki likizoni, wenzake wasio na majina wakachukua kombe, na huo ni ushahidi kwamba mafundi huharibu timu. Hadithi hii husimuliwa kwenye vijiwe na hata kwenye vyumba vya kubadilishia nguo ili kumnyamazisha kijana mwenye kipaji. Ni ya uongo karibu kila kipande.

Tarehe zinatosha kuanza nazo. Laudrup alijiondoa timu ya taifa Novemba 1990, baada ya Denmark kufungwa 2-0 nyumbani na Yugoslavia katika mechi za kufuzu. Sababu yake ilikuwa mbinu za kocha mpya, ambazo aliona zinaua mchezo wa timu. Novemba hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya fainali za Uswidi. Mwishoni mwa kufuzu, Yugoslavia ilimaliza kwa pointi 14 na Denmark 13, kwa hiyo Denmark haikufuzu. Ilialikwa baada ya Umoja wa Mataifa kuiwekea Yugoslavia vikwazo tarehe 30 Mei 1992 kwa sababu ya vita, siku zisizofika hata wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Mtu hawezi kukataa mwaka 1990 nafasi iliyozaliwa mwaka 1992.

Hata ule usemi kwamba wachezaji waliokotwa ufukweni wakiwa na kaptula unachusha sasa. Denmark ilikuwa na mechi ya kirafiki mapema Juni dhidi ya timu ya Jumuiya ya Madola Huru, iliyorithi Umoja wa Kisovyeti. Wachezaji walikuwa wakiandaliwa kwa mechi hiyo.

Madai kwamba timu ile haikuwa na nyota nayo hayasimami. Brian Laudrup alijiondoa pamoja na kaka yake, lakini alirudi kabla ya mashindano na kuwa tegemeo la mashambulizi, naye alikuwa mali ya Bayern Munich. Golini alisimama Peter Schmeichel wa Manchester United, aliyeokoa penalti ya Marco van Basten katika nusu fainali dhidi ya Uholanzi. Møller Nielsen alibana ulinzi, akapata sare tasa na England, akafungwa na wenyeji 1-0, akaitoa Ufaransa 2-1, akapita kwa penalti, kisha tarehe 26 Juni huko Göteborg akaishinda Ujerumani 2-0 kwa mabao ya John Jensen na Kim Vilfort. Ni kazi kubwa ya kocha, na haki yake apewe: baada ya Michael kuondoka, Denmark ilishinda mechi zote tano za kufuzu zilizobaki. Lakini kushinda bila mtu si sawa na kushinda kwa sababu hayupo. Kilichofuata ndicho kinachoonyesha tofauti hiyo, nacho ndicho wasimulizi hukiruka.

Laudrup alirudi mwaka 1993, chini ya kocha yule yule. Novemba mwaka huo Denmark ilifungwa 1-0 na Hispania huko Sevilla, ingawa kipa Andoni Zubizarreta alitolewa kwa kadi nyekundu mapema, na tiketi ya Kombe la Dunia la 1994 ikaenda Jamhuri ya Ireland kwa wingi wa mabao ya kufunga tu. Januari 1995, mjini Riyadh, Denmark ikacheza Kombe la Mfalme Fahd, mashindano ya timu za taifa yaliyokuja kuitwa Kombe la Mabara la FIFA. Fainali ilikuwa dhidi ya Argentina. Denmark ilishinda 2-0, Michael Laudrup akifunga bao la kwanza kwa penalti, na benchini aliketi Møller Nielsen. Watu wawili wanaosemwa kwamba hawakuweza kukaa chungu kimoja walitwaa kombe pamoja, na ndilo kombe la pekee la Michael na timu ya wakubwa ya taifa.

Katika klabu, miaka hiyo hiyo ilikuwa kilele chake. Alijiunga na Barcelona ya kocha Johan Cruyff mwaka 1989, akatwaa ubingwa wa Hispania mara nne mfululizo kuanzia 1991. Tarehe 20 Mei 1992 alicheza Wembley wakati Barcelona ilipoifunga Sampdoria 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Ronald Koeman katika muda wa nyongeza, na kupata Kombe la Klabu Bingwa la kwanza katika historia yake. Makombe mawili ya Ulaya ndani ya wiki sita, na jina la Laudrup katika yote mawili: huenda mkanganyiko ulianzia hapo.

Kanuni ya wageni ilimrudia mwaka 1993, Romário aliposajiliwa. Barcelona ikawa na wageni wanne na nafasi tatu uwanjani. Fainali ya Ulaya ya 1994 mjini Athens, Cruyff aliwachagua Koeman, Stoichkov na Romário. Laudrup hakucheza, na Milan ikashinda 4-0. Majira hayo ya joto alivuka kwenda kwa watani wa jadi, Real Madrid, akatwaa ubingwa wa tano mfululizo. Januari 1994 alikuwa upande wa Barcelona iliyoichapa Madrid 5-0. Januari 1995 alikuwa upande wa Madrid iliyorudisha 5-0 ile ile. Akaenda Vissel Kobe ya Japani, kisha Ajax, alikoshinda ligi na kombe la Uholanzi msimu wa 1997/98. Kombe la Dunia la 1998 aliongoza kama nahodha: sare na Afrika Kusini, ushindi wa 4-1 dhidi ya Nigeria katika hatua ya 16 bora, kisha kipigo cha 3-2 kutoka kwa Brazili. Akatundika daluga, akiwa na mechi 104 na mabao 37 ya taifa.

Kwa kocha wa vijana anayetaka kumtumia kama somo, mambo ni machache. Aangalie mechi ya Uruguai kwa chenga, na mechi mbili za 5-0 kwa pasi. Pasi yake ya kutazama kulia na kupeleka mpira kushoto isifundishwe peke yake kama kiini macho: Laudrup alikuwa ameshauona uwanja kabla mpira haujamfikia, kwa hiyo kinachofundishwa ni kuinua kichwa mapema. Na mchezaji anayepinga mbinu za kocha asikilizwe kabla ya kufukuzwa.

Baadaye alikuwa kocha: Brøndby ilitwaa ligi na kombe mwaka 2005, Getafe ilifika fainali ya Kombe la Mfalme la Hispania mwaka 2008, na Swansea ilishinda Kombe la Ligi la Uingereza mwaka 2013 kwa kuifunga Bradford 5-0. UEFA ilipotimiza miaka 50, kila shirikisho liliombwa kumteua mchezaji wake bora wa nusu karne hiyo. Denmark ilimteua Michael Laudrup, mbele ya mabingwa wote wa 1992.