Pikapu ya rafu rodi kwa safari za familia: lipia difu, usilipie stika

Baba mdogo wangu anaishi Kidahwe, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Kigoma mjini inagawanyika, moja inaelekea Kasulu na nyingine Uvinza. Amejiwekea akiba kwa miaka mingi na sasa anataka pikapu ya dabo kabini. Haitaki kwa biashara. Anataka kuwapeleka watoto Katavi wakaone viboko, kuwatembelea ndugu kusini mwa ziwa upande wa Buhingu, na sikukuu washuke wote Ujiji. Juzi akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Kuna hii imetoka kiwandani na vifaa vyote vya porini, ila bei imesimama. Niichukue, au nichukue ya kawaida?"

Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja nikashindwa. Nimeandika makala hii kwa ajili yake, na kwa yeyote anayekaribia kutoa hela ya namna hiyo.

Tuanze na safari zenyewe. Kutoka Kidahwe hadi Kasulu ni kilomita 63 za lami, na kwenye lami gari lolote zima litakufikisha. Gombe hakuna barabara ya gari, unakwenda kwa boti. Mahale nako ukishafika hifadhini unatembea kwa miguu. Pikapu ya porini inaanza kuwa na maana kwenye njia za udongo: udongo mwekundu wa milimani unaoteleza mvua ikinyesha, na udongo mweusi wa mbugani kule Katavi, ambao ukilowa unanasa tairi kama ugali wa moto.

Kwa nini gari lenye 4WD bado linakwama

Wengi wanaamini 4WD maana yake tairi nne zinavuta muda wote. Siyo hivyo. Kila ekseli ina difu, na kazi ya difu ni kuziruhusu tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona, kwa sababu tairi ya nje inasafiri umbali mrefu kuliko ya ndani. Kwenye lami ni msaada mkubwa.

Kwenye matope unakuwa mtego. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa kwa tairi zote mbili. Tairi moja ikiwa hewani au kwenye utelezi, inahitaji nguvu ndogo sana ili izunguke. Basi na mwenzake aliyekanyaga pagumu anapata nguvu hiyo hiyo ndogo, na gari haliendi. Ndiyo maana utaona pikapu yenye 4WD imeinama mtaroni, tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zinazunguka bure, nyingine mbili zimesimama kimya.

Dawa yake ni kufunga difu. Ukibonyeza kitufe, tairi mbili za ekseli ile zinalazimishwa kuzunguka pamoja, na ile iliyokanyaga pagumu inapokea nguvu yote inayoweza kuitumia. Siku hizi magari mengi yana pia mfumo wa kompyuta unaobana breki ya tairi inayozunguka bure ili nguvu ihamie upande wa pili. Unasaidia, ila unasubiri tairi iteleze kwanza, na breki zinapata moto. Difu iliyofungwa haisubiri chochote.

Kifaa cha pili ni gia ndogo, ile alama ya L4. Kwenye Toyota Hilux gia hii inazidisha nguvu ya kuzungusha kwa takriban mara 2.5 na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Faida yake kubwa kwa familia siyo kupanda, ni kushuka: injini inalizuia gari, hukanyagi breki, tairi hazijifungi na kuserereka kwenye udongo uliolowa.

Angalizo: kwenye pikapu nyingi za kawaida, 4WD haina difu ya katikati. Usiitumie kwenye lami kavu. Tairi za mbele na za nyuma zinataka kwenda umbali tofauti kwenye kona, na zisipopata nafasi ya kuteleza kidogo, vyuma vya ndani ndivyo vinavyoumia.

Kitu kinachosaidia sana na ni cha bure

Kabla ya kununua kifaa chochote, jifunze upepo wa tairi. Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,400 pamoja na mzigo. Kila tairi inabeba kilo 600 hivi. Ukijaza upepo wa 35, kila sentimita ya mraba ya tairi inabeba karibu kilo 2.5, kwa hiyo eneo linalogusa ardhi ni takriban sentimita za mraba 245. Ukishusha hadi 20, eneo linafika karibu 425. Ukuta wa tairi nao unabeba kidogo, kwa hiyo kiuhalisia ongezeko ni dogo kuliko hilo, lakini mwelekeo ni huo huo. Uzito ni ule ule, ila umetawanyika, na gari linaelea juu ya mchanga badala ya kujichimbia.

Unachohitaji ni geji na pampu ndogo ya kujazia ukirudi barabarani. Usisahau kujaza: tairi yenye upepo mdogo kwenye mwendo wa kasi inapata moto na kupasuka.

Hesabu ya kilo

Hapa ndipo nilipomwomba baba mdogo achukue karatasi na kalamu. Kila pikapu ina kikomo cha uzito wote, gari pamoja na kila kilichomo. Tuseme gari tupu ni kilo 2,100 na kikomo ni 3,050. Umebakiwa na 950. Inaonekana nyingi.

Sasa toa. Bampa la chuma, winchi, kanopi, na hema juu ya kerea: kilo 250. Baba, mama na watoto watatu: 270. Maji lita 40 na dizeli ya akiba lita 40: kilo 74. Spea tairi ya pili: 35. Vyombo vya kambi na nguo: 100. Wakati wa kurudi, mchele, madumu ya mawese na dagaa wa kugawia majirani: 200. Jumla 929. Umebakiza kilo 21, na bado shangazi hajasema kwamba na yeye anaondoka na nyinyi.

Ndiyo maana gari lenye vifaa vingi zaidi siyo lazima liwe bora zaidi. Ford Ranger Raptor ni mfano mzuri: imetoka kiwandani na shokapu za hali ya juu na koili springi nyuma ili ikimbie kwenye makorongo bila kuruka ruka. Gharama ya utulivu huo ni mzigo. Ranger za kawaida nyingi zinabeba karibu tani moja na kuvuta hadi kilo 3,500, wakati Raptor inabeba chini ya kilo 800 na kuvuta 2,500. Kwa kijana mmoja anayependa mwendo, sawa. Kwa familia ya watu watano na mzigo wa sikukuu, hesabu inagoma.

Gari lililozidi uzito linachelewa kusimama. Mzigo ukiwa juu ya paa, nao unalifanya liwe rahisi kupinduka. Na ukizidiwa nafasi, tafadhali usiwapandishe watoto nyuma kwenye bodi. Kule hakuna mkanda, na gari likiyumba wao ndio wa kwanza kutoka.

Mkonga haugeuzi gari kuwa mtumbwi

Land Cruiser yenye ule mrija wa hewa pembeni ya kioo wengi tunaiita mkonga. Kazi ya mrija ni moja: injini ivute hewa kutoka juu. Bila huo, maji yakiingia kwenye silinda, injini inajaribu kuyabana, na maji hayabanwi kama hewa. Vyuma vya ndani vinapinda.

Lakini mrija hauna msaada wowote dhidi ya mkondo. Kitabu cha gari kikisema sentimita 70, ni za maji yaliyotulia. Maji yakipanda sentimita 30 juu ya sakafu ya kabini yenye urefu wa mita 2.2 na upana wa mita 1.7, na milango ikiyazuia hata kwa dakika chache, yanalinyanyua gari kwa zaidi ya kilo 1,100. Hiyo ni nusu ya uzito wake. Tairi zinapoteza nusu ya mshiko, na wakati huo huo mkondo unasukuma ubavuni. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne.

Kwa hiyo mto ukiwa unakimbia, na kama huwezi kuuvuka kwa miguu kwa usalama, usiuvuke kwa gari. Subiri, au rudi. Vijito vingi vinapungua baada ya saa chache mvua ikikatika.

Kabla hujalipa

Jina lililoandikwa ubavuni halitoshi. Modeli moja inatoka na vifaa tofauti kulingana na soko. Toyota, kwa mfano, iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017, hivyo Hilux nyingi zilizotumika za miaka ya katikati ziliuzwa kwanza kwenye masoko mengine, na kila soko lilikuwa na mahitaji yake. Stika ya "4x4" haikuambii kama kuna kitufe cha kufunga difu.

Kaa kwenye usukani. Tafuta kitufe hicho, ingiza L4, hakikisha taa zake zinawaka kwenye dashibodi na gari linaitikia. Soma kibati cha uzito. Halafu muulize fundi wa karibu nawe kama spea za gari hilo zinapatikana Kigoma au mpaka ziagizwe Dar es Salaam.

Baba mdogo nilimwambia hivi: chukua ya kawaida yenye gia ndogo na difu ya nyuma inayofungwa. Hela itakayobaki nunua tairi nzuri, pampu, kamba ya kuvutia, koleo, na mkanda wa usalama kwa kila mtoto.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na shangazi yako?"

Nikamwambia shangazi apande basi, tutamkuta Ujiji.