Mwambie mwalimu wa nasari kwamba mtoto ana sikoseli

(Muziki unapungua.)

Leo niko Naguru, Kampala, karibu na hospitali ya serikali iliyofunguliwa mwaka 2012. Nimemsindikiza mdogo wangu kliniki. Ana miaka mitano, na ana sikoseli.

Mwaka jana Mama alimpeleka nasari bila kumwambia mwalimu. Aliogopa watamkataa. Siku moja mtoto akacheza kwenye mvua, akalowa, na usiku maumivu ya miguu yakatupeleka hospitali. Mwalimu hakuwa na kosa. Angejuaje?

Ugonjwa huu si uchawi, wala hauambukizi. Mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao ni wazima kabisa. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikuta karibu watoto 13 kati ya 100 nchini Uganda wamebeba urithi huo wa upande mmoja. Basi si aibu ya nyumba yako peke yako.

Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Baridi na ukosefu wa maji huzidisha. Kwa hiyo mwombe mwalimu ampe maji mara kwa mara, amwache aende chooni kila akiomba, maana watoto hawa hukojoa sana, na asimlazimishe kukimbia akichoka. Sweta ikae kwenye mfuko wake. Akilia mikono au miguu, msimkande kwa maji baridi.

Kubwa zaidi ni homa. Wengu, unaokamata vijidudu kwenye damu, kwa mtoto huyu huharibika mapema. Homa yake si ya kusubiri kesho, wala si ya kumeza panado na kulala. Mwalimu akupigie saa hiyo hiyo, nawe umpeleke hospitali, hata usiku. Vilevile tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, midomo ikapauka na mtoto akalegea, kimbieni.

Na wewe mwalimu, mzazi akikuambia, usimrudishe mtoto nyumbani. Muulize dawa zake na namba ya simu.

Mama alimwandikia mwalimu karatasi yenye namba mbili, yake na ya jirani, kwa sababu simu yake huishiwa chaji. Mwalimu ameibandika ndani ya mlango wa kabati, pale anapoweka vikombe.

(Muziki.)