Ardhi Ipandayo na Kushuka: Jinsi Milima ya Moto Inavyopimwa

Chai ya Kericho na Bomet husafirishwa kwa njia kuu mbili iendapo Nairobi na Mombasa. Malori ya Kericho hupita Mau Summit na Nakuru, chini ya mlima Menengai. Malori ya Bomet hupita Narok na Mai Mahiu, karibu na mlima Suswa. Udongo mwekundu unaostawisha chai ulitokana na mawe ya milima ya moto ya kale iliyokwisha kufa. Lakini Menengai na Suswa haijafa. Kila mmoja una kaldera, yaani shimo kubwa lililotokea zamani, mawe yaliyoyeyuka yalipotoka chini na paa la mlima likatumbukia. Kaldera ya Menengai ina urefu upatao kilomita 12 na upana wa kilomita 8.

Kati ya mwaka 1997 na 2000 milima hiyo miwili ilishuka sentimita 2 hadi 5, yaani inchi 1 au 2. Longonot nao ulipanda sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Paka, katika nchi ya Baringo, ulipanda sentimita 21 kwa muda wa miezi tisa tu, mwaka 2006 na 2007. Mabadiliko hayo hayakuonekana kwa macho. Yalijulikana kwa vipimo, na mwaka 2009 Juliet Biggs na wenzake wakayatangaza.

Mkulima aliyechimba matuta kwa kutumia pimamaji anaijua kazi hii. Kwa desturi ya zamani wapima ardhi hutoka jiwe la alama hadi jiwe jingine, wakilinganisha urefu wa kila mahali, na baada ya miaka hurudi kupima tena. Kazi hiyo ni ya hakika, lakini ni ya polepole. Siku hizi satelaiti zipitazo mamia ya kilomita juu ya dunia hutuma mawimbi ya rada, ambayo hugonga ardhi na kurudi. Baada ya siku kadhaa satelaiti hupita tena palepale. Ikiwa ardhi imepanda, njia ya mawimbi imefupika kidogo; ikiwa imeshuka, imerefuka. Tofauti ya sentimita chache hutambulika, wala mawingu hayazuii.

Lakini majani huzuia. Mchai hukua, huchumwa na hutikiswa na upepo, hivyo kila rada ipitapo hukuta sura nyingine. Kwa sababu hiyo mawimbi mafupi hayapimi vema mashamba ya chai kama yapimavyo mawe matupu ya Menengai. Mawimbi marefu zaidi hupenya majani na kufika chini.

Ardhi hupanda pale mawe yaliyoyeyuka, maji ya moto au mvuke vinapojaa chini yake. Hushuka vitu hivyo vinapopoa au kupata njia ya kutoka. Lakini kupanda si lazima kulete mlipuko. Huko Pozzuoli, Italia, ardhi ilipanda karibu mita 1.8 kati ya 1982 na 1984, na watu wapatao 40,000 wakahamishwa, mlipuko haukutokea. Huko Rabaul, Papua New Guinea, ardhi ilitikisika na kupanda kati ya 1983 na 1985, kisha ikatulia. Mlima ukalipuka mwaka 1994. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Hupasa kupima mwaka hata mwaka, na kulinganisha na matetemeko na mvuke utokao.

Pasipo vipimo, uvumi hushika nafasi yake. Mwezi wa Machi 2018 ufa mkubwa ulitokea karibu na Suswa, ukaikata barabara ya Mai Mahiu na Narok na kuwahamisha watu. Habari zikaenea ulimwenguni kwamba Afrika inapasuka. Wataalamu wengi wa miamba walieleza kwamba mvua nyingi ndiyo iliyochukua majivu laini yaliyojaza ufa wa zamani.

Mkulima aonaye ufa shambani kwake naye aweza kufanya kazi ya maana. Ikiwa ufa uko kwenye mteremko, na mvua inaendelea, kwanza watu waondoke chini yake na chifu apewe habari mara moja. Ikiwa mahali ni salama, akaze vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, apime nafasi kati yake kila juma, na kuandika tarehe, kipimo na mvua iliyonyesha. Daftari la namna hiyo litamfaa mtaalamu kuliko maneno ya sokoni. Na mawe ya alama ya wapima ardhi yasing'olewe kwa kujengea, kwa maana likiondolewa moja, vipimo vya miaka mingi hupotea.