Almasi na Penseli

Juzi kijana wangu wa kidato cha tano aliniletea daftari. "Baba, tumeambiwa tukokotoe joto la kugeuza grafiti kuwa almasi. Nani amewahi kuigeuza katika maabara ya shule?" Nikaona swali lake ni la haki.

Grafiti ni ile nyeusi ya ndani ya penseli. Almasi ndiyo inayochimbwa Mwadui, Shinyanga. Zote mbili ni kaboni tupu. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant alichoma almasi akapata gesi ileile, tena kwa kiasi kilekile, kama ya makaa yenye uzito sawa.

Basi njia ni hiyo. Safari isiyopimika, pima nyingine mbili zinazoishia mahali pamoja. Ukichoma gramu 12 za grafiti, unapata joto la kilojuli 393.5. Ukichoma gramu 12 za almasi (mwenye nayo akikubali!), unapata 395.4. Gesi inayotoka ni moja. Kwa hiyo almasi ilikuwa na akiba ya ziada ya kilojuli 1.9, na grafiti haiwi almasi mpaka iongezewe kiasi hicho. Kanuni hiyo aliitoa Germain Hess, huko St. Petersburg, mwaka 1840.

Kijana alikuwa amegeuza hesabu, akapata hasi 1.9. Alama moja tu, lakini ilimfanya aandike kwamba almasi ndiyo tulivu kuliko grafiti. Kumbe, katika hali yetu ya kawaida, almasi ndiyo yenye deni la kurudi kuwa grafiti.

Sasa, kilojuli 1.9 hazichemshi hata vijiko viwili vya chai vya maji. Mbona basi wauza mkaa si matajiri? Kwa sababu hesabu ile inalinganisha mwanzo na mwisho tu. Mlima ulio katikati haiuonyeshi. Katika grafiti kila atomu imeshikana na wenzake watatu, katika almasi wanne, na kuupangua mshikamano huo ni kazi nzito. Wataalamu wa General Electric, Marekani, walipofaulu Desemba 1954, walihitaji joto la zaidi ya digrii 1,000 na mgandamizo wa maelfu kwa maelfu ya mara ule wa hewa.

Kijana akafuta ile alama ya hasi, kisha akaniuliza kama almasi ya kwenye pete itageuka penseli kidoleni. Nikamjibu kuwa mlima ni uleule, na kutoka upande huo pia haupandiki.