Kipepeo wa Buluu: Subiri Afunge Mabawa

Mvua za vuli zikishaingia Mwanza, kati ya Oktoba na Desemba, majani huchipua hata kwenye nyufa za mawe ya Nyegezi na Capri Point. Chuchumaa kando ya tuta la mchicha mnamo saa tatu asubuhi, utaona vidoa vya buluu vikiruka karibu kabisa na udongo. Wengi hudhani ni nondo. Ni vipepeo wa familia ya Lycaenidae, na mmoja wao, Zizula hylax, ni miongoni mwa vipepeo wadogo kuliko wote duniani: mabawa yakikunjuliwa, upana wake ni kama sentimita mbili tu.

Buluu yao haitokani na rangi yoyote iliyomo bawani. Bawa limefunikwa kwa magamba madogo mno, na ndani ya magamba ya buluu mna tabaka za kitini, ile dutu ngumu ya ganda la mdudu, zenye vitundu vya hewa. Mwanga wa jua ukipenya humo, ule wa buluu hurudishwa kwa nguvu kuliko mwingine. Kipepeo akigeuka, buluu huweza kufifia. Madume ndio hung'aa zaidi. Majike wengi ni wa kahawia.

Mpiga picha huikimbilia buluu hiyo, lakini anayetaka kumjua kipepeo asubiri afunge mabawa. Kwa juu madume ya spishi nyingi hufanana. Kinachowatofautisha kiko upande wa chini. Lampides boeticus ana mistari myeupe ya mawimbi, utepe mweupe mpana karibu na ukingo wa bawa la nyuma, kijimkia chembamba kama unywele na madoa mawili meusi kando yake. Kiwavi wake hutoboa maganda ya kunde na mbaazi, kwa hiyo mkulima humjua kwa hasara. Zizeeria knysna, ambaye kiwavi wake hula mchicha na mbigili, hana mkia. Ana nukta ndogo katikati ya bawa la mbele, na nukta hiyo ndiyo humtenga na binamu yake wa jenasi ya Zizina.

Ule mkia una kazi. Akitua, Lampides husugua mabawa ya nyuma, mikia ikachezacheza mithili ya vipapasio, na madoa yakaonekana kama macho. Mjusi hurukia kichwa hicho cha uongo, akaambulia kipande cha bawa. Picha ya kipepeo aliyenyofolewa nyuma usiifute: huyo ameponea chupuchupu.

Kwa kumpiga picha, simu inatosha. Asubuhi kabla jua halijawa kali, mwili wa kipepeo bado una ubaridi na haruki upesi. Inama hadi simu iwe sambamba na bawa, kivuli chako kisimwangukie, nawe sogea taratibu badala ya kukuza picha kwenye kioo.

Jan Kielland alichapisha kitabu chake cha vipepeo wa Tanzania mwaka 1990, na tangu hapo miji yetu imepanuka sana. Kwa hiyo andika tarehe, mtaa na mmea aliotua kipepeo, kisha ipakie picha yako kwenye tovuti ya iNaturalist, watafiti waione. Na kona moja ya ua wako usiipulizie dawa, vipepeo wapate pa kuishi.