Wazee wa Yuendumu walivyowatoa vijana wao kwenye petroli



Wazazi wengi hutuuliza kama kijana aliyeingia kwenye ulevi afukuzwe nyumbani au afungiwe ndani. Kabla ya kujibu, tuwatazame Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa jangwa la kati la Australia, katika kijiji cha Yuendumu, karibu kilomita 300 kutoka mji wa Alice Springs.

Miaka ya 1990 ulevi wa vijana wao ulikuwa petroli. Wakiitia koponi na kuinusa mpaka akili zikiruka. Petroli imo katika kila gari, nani ataipiga marufuku? Kwetu nako imo katika kila mashine ya boti, na gundi ya viatu ipo dukani. Kitu kuuzwa kihalali hakuhalalishi kulewa nacho. Mvuke wake huharibu ubongo, na huweza kuusimamisha moyo ghafla, khasa mnusaji akishtuliwa au akikimbizwa. Basi ukimkuta mtoto amenusa usimkimbize. Sema naye taratibu, umtoe penye hewa.

Mwaka 1994 wazee, akiwemo Bibi Peggy Nampijinpa Brown, walianza kuwapeleka vijana hao Mt Theo, zaidi ya kilomita 100 ndani ya jangwa. Ukuta haukuhitajika, maana kurudi kwa miguu hakuwezekani. Huko walikula, wakapumzika, wakaenda kuwinda na kufundishwa mila zao. Waliowalea walikuwa bibi na babu zao, si askari.

Lililotuvutia zaidi ni la kijijini kwenyewe. Yuendumu iliwekwa michezo na shughuli za jioni kwa vijana wote, hata wasionusa, ili anayerudi asikute pa kwenda ni kule kule kwenye makopo. Baada ya miaka kadhaa unusaji ulikaribia kwisha kabisa, na hiyo ni kabla ya petroli maalumu isiyolewesha kuanza kuletwa mwaka 2005.

Sasa jibu. Kumfukuza ni kumkabidhi kwa wauzaji. Kumfungia nako kuna hatari ikiwa anatumia unga: akikaa wiki chache bila heroini, mwili hupoteza mazoea, na siku akirudia kipimo chake cha zamani pumzi zinaweza kukatika. Kwa hiyo hatushauri mtumiaji wa unga apelekwe shamba tu, kama walivyopelekwa wale wa petroli. Aanze kwa daktari. Kwa walioko Unguja, Kidongo Chekundu kuna kliniki ya methadoni, na dawa anayopewa mgonjwa chini ya uangalizi haihesabiwi ulevi. Ukimkuta amezimia, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Aibu ya majirani isikucheleweshe.

Akishaanza matibabu, ami, wajomba na imamu wa mtaa wakae wapangiane zamu: nani atakuwa naye baada ya Isha, na nani atampa kazi asubuhi.